Masomo ya sauti kwa mwimbaji wa opera, Isamilo: maoni ya mwalimu wa sekondari

Kama wewe ni mwalimu wa darasani, mwanakwaya, katekista, mchungaji au dalali wa mnadani, na ikifika jioni sauti yako imekwisha, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kabla sijaenda kwa mama huyu, mwimbaji wa opera anayefundisha sauti Isamilo, hapa Mwanza, nilitafuta mtu wa kunieleza masomo yake yakoje na yanagharimu kiasi gani, sikumpata. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu.

Mimi nafundisha Baiolojia sekondari, upande wa Nyakato. Kidato changu cha pili kina wanafunzi wengi kuliko madawati, madirisha yanatazama barabara kuu, na mvua ikigonga bati inabidi upige kelele mpaka kwenye benchi la nyuma. Jumapili naimba kwaya parokiani, na tangu nijiunge nilikuwa sauti ya kwanza. Kufikia Kwaresima sauti ilikuwa inakatika. Ijumaa mchana nilikuwa naandika tu ubaoni na kuonyesha kwa kidole. Kwenye mazoezi ya kwaya nota za juu zilitoka hewa tupu.

Nilianza kwa mwalimu mmoja wa mjini anayefundisha makundi makubwa. Somo lake lote lilikuwa amri moja: toa sauti tumboni. Ukimuuliza tumboni maana yake nini, anairudia amri kwa ukali zaidi. Nililipa mwezi mzima nikaambulia maumivu ya shingo. Basi mwenzangu wa sauti ya tatu akaniambia kuna mama Isamilo aliyeimba opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) Ujerumani, na kwamba yeye hafundishi kwa kufoka.

Simtaji jina kwa sababu hapendi jina lake lizunguke mitandaoni, na nimemkubalia. Ukifika Isamilo ukaulizia kwa mama wa piano, vijana wa bodaboda wanapajua. Ni mtu mzima, amekulia ng'ambo ya Kamanga, upande wa Sengerema. Aliondoka kijana kwenda kusoma muziki, akaimba huko miaka mingi, akarudi kumuuguza mama yake na akabaki. Sisi tunamwita Madam. Yeye anatuita mama na baba, hata wale vijana wa chuo wanaotoka Malimbe.

Kufika: shuka Mlango Mmoja, panda boda, mlima ni mkali na gari dogo linahema. Nyumba imejengwa katikati ya mawe makubwa kama nyumba nyingi za kule juu, na ziwa unaliona lote. Somo la mtu mmoja ni 30,000 kwa dakika 45. Kundi la watu wanne ni 10,000 kila mmoja kwa saa moja. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo si hela ndogo, na nitalirudia hilo.

Siku ya kwanza sikuimba hata nota moja. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakunywa maji kiasi gani, kama napata kiungulia usiku, kama nina tabia ya kukohoa kusafisha koo kila ninapoanza kusema. Halafu akauliza kama koo langu limewahi kuangaliwa na daktari. Niliposema bado, akafunga daftari. "Mama, mimi ni mwalimu, si daktari. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu haifundishwi kabla haijaonwa. Nenda Bugando kwa daktari wa masikio, pua na koo, halafu urudi na majibu." Hakunitoza. Nilikwenda, wakapitisha kamera nyembamba puani, wakakuta kingo za nyuzi za sauti zimevimba lakini hakuna vinundu. Hapo peke yake mama huyu alishastahili sifa, maana kuna watu wangechukua fedha yangu na kuniimbisha juu ya uvimbe ule.

Niliporudi na karatasi aliisoma mara mbili, akanikataza kuimba hadi uvimbe upungue. Nikalalamika kwamba Pasaka inakuja na kwaya inanitegemea. Ndipo akanieleza habari za Jenny Lind, binti wa Sweden aliyekuwa nyota nchini kwake akiwa na umri mdogo na akaichosha sauti kabla hajafika miaka 21. Mwaka 1841 alikwenda Paris kwa mwalimu Manuel García, na García alimwambia kwanza anyamaze, asiimbe kabisa, ndipo waanze upya. Alinyamaza, akafundishwa, na mwaka 1850 alivuka bahari kwenda kuimba Marekani akiwa mwimbaji anayejulikana dunia nzima. García huyohuyo, mwaka 1854, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi, jambo ambalo mwalimu wa kuimba kabla yake hakuwa nalo. Aliishi miaka 101. Kamera niliyopitishiwa Bugando ni mjukuu wa kioo kile, na mimi mwalimu wa Baiolojia hadithi hiyo ilinikaa kuliko katazo lenyewe. Pasaka ile nilikaa kwenye benchi la waumini.

Masomo yenyewe yalianza na mrija wa soda. Glasi ya maji nusu, mrija wa kawaida, ncha inazama sentimita mbili hivi. Unafumba midomo kuuzunguka mrija na kutoa "uu" kupitia humo, maji yanatoa mapovu. Unapandisha sauti taratibu, unaishusha, unaipandisha tena. Madam anakaa pembeni akisikiliza mapovu zaidi ya sauti. Pumzi ikienda sawa, mapovu yanatoka kwa mfululizo mmoja laini. Ukisukuma, yanaruka na kukurushia maji usoni. Huhitaji kuambiwa umekosea, glasi imeshakuambia. Sababu yake ni kwamba mrija unarudisha shinikizo dogo nyuma hadi kooni, na shinikizo hilo linazisaidia nyuzi za sauti zikutane polepole badala ya kugongana. Wataalamu wa sauti wanalitumia zoezi hili hata kwa wagonjwa. Mimi nalifanya sasa kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, kwenye ofisi ya walimu, na wenzangu wawili wameshaanza kubeba mirija.

Halafu ikaja pumzi. Kiwambo nakichora ubaoni kila mwaka: msuli uliotenga kifua na tumbo, ukikaza unashuka, hewa inaingia. Sasa angalia jambo ambalo ile amri ya "toa sauti tumboni" haisemi. Kiwambo ni msuli wa kuvuta hewa ndani. Wakati wa kuimba, hewa inatoka, kiwambo kinaachia na kupanda. Kazi ya mwimbaji ni kukizuia kisipande haraka, kwa kuziweka mbavu zimepanuka na kuacha misuli ya tumbo ishike taratibu. Waitaliano wana jina lao la ufundi huo na wamekuwa wakiufundisha kwa karne nyingi. Madam aliniweka mikono kwenye mbavu za chini, upande na upande, akaniambia nitoe "sss" ndefu bila mbavu kuporomoka. Akasema niiachie hewa kama mvuvi anavyoachia kamba ya wavu, inakwenda lakini haijakutoka mkononi. Mimi ni mtoto wa Kirumba, nimeiona kamba ile ikiachiwa tangu utotoni, na mwili ulielewa kabla ya kichwa.

Kila zoezi lake lina asili kwenye kazi aliyoifanya, na hiki ndicho nilichokithamini kuliko vyote. Hakutoa mambo haya kitabuni peke yake. Ukimuuliza kwa nini anakataa kunong'ona (maana kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo), atakwambia kuhusu treni.

Ujerumani ina takriban nyumba 80 za opera zinazoendeshwa kwa fedha za umma, nyingi katika miji ambayo si mikubwa kuliko Mwanza, na mwimbaji anaweza kuajiriwa humo kwa mshahara. Lakini mkataba ni wa msimu kwa msimu. Ukumbi usipotaka kuendelea nawe, unatakiwa kukuarifu kufikia Oktoba 31 kwamba msimu unaofuata huna kazi, na kwa waliokaa zaidi ya miaka minane taarifa hutakiwa kutoka mapema zaidi, kufikia Julai 31. Aliyevuka miaka 15 analindwa zaidi na sheria za mkataba, na kwa sababu hiyohiyo wapo wanaoachwa wakikaribia hapo. Madam ni mmoja wao. Baada ya hapo akawa mwimbaji wa kualikwa, anayelipwa kwa onyesho. Siku hizo ukiamka koo limefunga, hulipwi. Mwimbaji fulani akiugua mji mwingine, ukumbi unapiga simu huku na huku asubuhi kumtafuta anayelijua jukumu lile; anayepatikana anapanda treni, anafika mchana, anaonyeshwa jukwaani asimame wapi na atokee mlango upi, usiku anaimba mbele ya watu na wenzake ambao hajawahi kukutana nao. Ndani ya treni hakusema neno. Alikuwa na kadi aliyoiandika kwa Kijerumani kwamba leo anaimba na haongei, anamwonyesha mkaguzi wa tiketi.

Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini ananidai nihesabu sauti yangu ya siku. Vipindi vya asubuhi, paredi, kikao, mazoezi ya kwaya jioni: vyote vinatoka kwenye koo moja. Alinifanya nipange. Paredi nimewaachia viranja wasome matangazo. Darasani nimeacha kuanza kusema kabla hawajatulia. Nasimama katikati ya safu badala ya kupaza sauti nikiwa ubaoni. Chupa ya maji iko mezani. Na nimeacha ile tabia ya kukohoa kusafisha koo, nameza mate au maji badala yake. Ni mambo madogo, lakini hakuna semina hata moja ya ualimu niliyohudhuria ambapo koo la mwalimu lilitajwa.

Jambo kubwa lilikuja uvimbe ulipokwisha na akaanza kunipitisha kwenye piano, nota kwa nota. Alikuwa hatafuti nafika wapi juu. Nafika juu, sikatai. Alikuwa anatafuta sauti inageuka wapi, ile sehemu ambapo ukipanda unahisi lazima ubadilishe kitu la sivyo inapasuka, na ni wapi inakaa kwa raha kwa muda mrefu. Alirudia, akashuka, akarudia tena. Mwisho akaondoa mikono kwenye piano akasema, "Wewe si sauti ya kwanza, mama. Wewe ni sauti ya pili iliyozoezwa kuishi juu ya paa."

Niliumia, nasema ukweli. Kwenye kwaya zetu sauti ya kwanza ndiyo inayoongoza wimbo, na mtu akihamishwa watu wanadhani amezeeka. Nilimuuliza ana uhakika gani. Hapo akanieleza yake. Alipoanza aliajiriwa kama soprano, yaani sauti ya juu ya kike, na jukumu lake la kwanza kwenye *Le nozze di Figaro* ya Mozart lilikuwa Barbarina, binti wa mtunza bustani anayetafuta pini gizani mwanzoni mwa tendo la nne. Kwa miaka walimpa majukumu ya juu na akayaimba, kila msimu kwa uchovu zaidi, mpaka mwalimu mmoja mzee akamwambia sauti yake ni mezo, sauti ya kike iliyo chini ya soprano. Huko waimbaji wanaajiriwa kwa mafungu ya sauti, na kuhama fungu ni kuyaacha majukumu yote uliyoyajua, kujifunza mapya, na kwenda kwenye usaili upya kama mgeni, ukishindana na watu waliokuwa mezo tangu chuo. Alihama. Miaka mingi baadaye aliimba tena opera ileile, safari hii akiwa Marcellina, mama ambaye katika tendo la tatu anagundulika kuwa ndiye aliyemzaa Figaro. Anasema usiku ule aliimba bila kuhofia nota hata moja.

Kwa hiyo nilihama. Mwalimu wetu wa kwaya alinuna kwa muda kwa kuwa sauti ya kwanza ilipungua, lakini sasa nakaa sauti ya pili na ninamaliza misa nikiwa na sauti ya kusalimia watu nje. Wale wanaopanga wanakwaya kwa kuuliza tu "unafika juu?" nawaomba waache. Kufika na kukaa ni vitu viwili.

Niseme kidogo kuhusu maiki, maana hili ni la kwaya zote za mji huu. Opera huimbwa bila maiki, mbele ya okestra yenye vyombo 60 au zaidi, kwenye ukumbi wa watu elfu moja au mbili. Nilidhani siri ni nguvu. Madam alinitoa nje, nikasimama chini ya mawe karibu na njia ya boda, akabaki ndani akaimba kwa kiwango ambacho chumbani kilikuwa cha kawaida kabisa. Nilimsikia neno kwa neno, pikipiki zikipita. Maelezo yake yamefanyiwa utafiti: mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha miaka ya 1970 kwamba nguvu ya okestra imejikusanya zaidi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde na kupungua kadiri unavyopanda, ilhali mwimbaji aliyefundishwa, hasa sauti za kiume na zile za chini za kike, hujenga mkusanyiko wa nguvu karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Anapita kwenye upenyo. Hashindani kwa kelele.

Sasa linganisha na sisi. Spika zimefunguliwa mpaka mwisho, kinanda kiko juu, ngoma iko juu, kila mtu anapiga kelele ili ajisikie mwenyewe, na fundi mitambo anaongeza tena. Tulimwomba Madam aje parokiani kwa mazoezi ya *Haleluya* ya Handel, ile ambayo kwaya nyingi huiimba Pasaka na Krismasi kwa Kiswahili (iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742). Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima spika. Kulikuwa na minong'ono. Tukaimba na kinanda peke yake kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ya nne inaimba nini.

Kuna pale ambapo sauti ya kwanza inashika nota ndefu na kupanda ngazi kwa ngazi huku wengine wanajibu "milele". Hapo ndipo akina dada wetu hupasuka kila mwaka. Kwa maneno tunayotumia sisi, nota ile inaangukia "Mfalme", na wote walikuwa wanajaribu kuishika "M" kwa nguvu, midomo imefungwa, halafu wanaifungua "fa" kwa kishindo. Madam aliwaambia "M" iwe fupi, ije kabla ya pigo, na nota yenyewe ikae kwenye "fa" mdomo ukiwa umelegea, taya limeshuka. Wakajaribu. Ngazi ya mwisho ilitoka safi, mwalimu wa kwaya akaangusha kijiti chake mezani na kucheka kwa furaha. Madam akaongeza kwamba sisi tumepewa bure kitu ambacho wanafunzi wake wa Ujerumani walihangaika nacho: vokali tano zilizo wazi, kila moja na sauti yake, silabi karibu zote zinaishia na vokali. Kazi imebaki kuziachia nafasi zinapopanda juu. "I" ikibanwa huko inakuwa mluzi, kwa hiyo unaielekeza kidogo kwenye "e" na msikilizaji bado anasikia "i".

Asiyejua kusoma nota za mistari asiogope. Sisi tumezoea sulfa na yeye anafundisha kwa sulfa, anakuandikia d, r, m pembeni ya karatasi. Ukiendelea atakuanzishia mazoezi ya Kiitaliano ya Vaccai, mwalimu wa kuimba wa zamani wa Italia, nyimbo fupi, na hatakuruhusu kuimba neno usilolijua maana.

Kwenye kundi letu kuna binti wa kidato cha sita anayetaka opera iwe kazi yake. Madam hakumdanganya. Alimwonyesha Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyekuwa na umri wa miaka 16 alipousikia wimbo wa opera kwenye tangazo la ndege akiwa kwao Piet Retief, asijue hata unaitwaje, na mwaka 2023 akaimba Westminster Abbey kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles. Kisha akamwambia na upande mwingine: Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa vyote lazima, usaili baada ya usaili kwa nauli yako, sauti nzito hukomaa miaka ya thelathini, kwa hiyo huanzi kuvuna mapema, na waimbaji wengi wazuri hula kwa kufundisha. Binti alisikiliza na bado anakuja. Mimi mwenye watoto ningependa kila anayewaongoza vijana awe mkweli kwa kiasi hicho.

Yasiyonifurahisha yapo. Bei nimeshaitaja; mwalimu au mwanakwaya wa kawaida hawezi somo la peke yake kila wiki, na mimi mwenyewe nimehamia kundi. Ukichelewa, dakika zako zimekwenda, hata kama mvua imefunga mlima na boda hazipandi. Nadhani hapo angelegeza. Piano yake ina nota mbili zilizoshuka na fundi hapatikani hapa karibu, hivyo kuna wakati anaimba nota badala ya kuipiga. Hakuna sehemu ya kusubiria. Unakaa kwenye jiwe nje, jua la saa nane linakuwa kali. Risiti anatoa ukiomba tu. Na kama unataka mikunjo ya bongo fleva au ya nyimbo za injili za kisasa, atakwambia waziwazi kwamba si fani yake. Watoto ambao sauti haijabadilika anawachukua kwa kundi tu na hawapandishi juu.

Kwa walimu wenzangu nasema nendeni, hata kwa masomo machache ya kundi. Kwaya zenye uwezo zimlete kwa siku moja ya mazoezi kabla ya sikukuu, na fundi mitambo awepo asikie. Jioni zake zimejaa. Asubuhi za Jumanne na Alhamisi zina nafasi, na kundi jipya la walimu litaanza shule zikifungwa. Beba chupa ya maji, mrija wako, na kama sauti inakwaruza pitia kwanza hospitali uje na majibu, maana bila hayo atakurudisha.